Kalipa za Toyota pikapu kwenye Datsun 240Z: dalili, chanzo na dawa

Datsun 240Z ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikashinda tena 1973 ikiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Jina hilo bado linaiuza. Tatizo ni kwamba injini ya L24 inakubali kuongezewa nguvu kirahisi, ilhali breki zake za mbele ni za kiwandani za enzi hizo: kalipa (chuma kinachobana pedi kwenye diski) ya pistoni mbili, diski nyembamba isiyo na matundu ya upepo, na nyuma dramu. Ndiyo maana wenye gari hizi, kuanzia Marekani hadi huku kwetu, huvua kalipa za mbele na kufunga za Toyota pikapu ya 4x4 zenye pistoni nne. Nafasi ya bolti zake inaoana na masikio ya shokapu ya Datsun bila kutengeneza bamba la kuunganishia, pedi zake zinapatikana, na bei yake ni ndogo kuliko ya kalipa za mashindano.

Kuzifunga ni kazi ya mchana mmoja. Malalamiko huanza gari likiingia barabarani, na karibu yote ni yale yale. Mara chache sana kalipa yenyewe ndiyo mbovu. Ubovu hukaa pale Toyota inapokutana na Nissan, mwenye jina la Datsun: unene wa diski, ujazo wa mafuta, upande wa kushoto na kulia, thredi za bomba. Anzia hapo kabla hujanunua kalipa nyingine.

Kabla ya yote, jua ulichofunga

Futa matope na usome herufi zilizotokeza kwenye chuma cha kalipa. Muuza spea atakwambia "hizi zinaingia gari zote". Wewe amini herufi. S12+8 ilitoka kwenye pikapu za 4x4 za takriban 1979 hadi 1985 zenye diski nzima, nyembamba. Hiyo inakaa juu ya diski ya asili ya 240Z, yenye unene wa takriban milimita 12.5. S12W ilikuja baadaye, ni pana zaidi, na imetengenezwa kwa diski nene yenye matundu ya upepo katikati. Kwenye Datsun, S12W huendana na diski ya Nissan 300ZX ya toleo la Z31 pamoja na spesa kati ya habu (kitovu cha gurudumu) na diski.

S12W ikifungwa juu ya diski nyembamba ya asili, breki zitashika vizuri pedi zikiwa mpya, na hapo ndipo hatari ilipo. Pedi zikilika, pistoni hutoka mbali kuliko ilivyokusudiwa, na inaweza kupita sili yake. Mafuta yote ya breki za mbele yanamwagika kwa mkanyago mmoja. Ukikuta mchanganyiko huo kwenye gari lako, usiendelee na dalili zozote hapa chini. Gari lisitembee mpaka diski na kalipa vioane.

Kwa ukaguzi wote unaofuata, gari liwe mahali tambarare, magurudumu yanayobaki chini yawekewe kabari, na mwili wa gari ukae juu ya stendi. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Mafuta ya breki yanakula rangi, kwa hiyo weka ndoo ya maji na kitambaa karibu.

Pedali inazama au inabonyea laini

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na lina sura nne zinazotaka dawa tofauti. Zima injini, kanyaga mara nne au tano haraka, usikilize mguu wako.

Pedali ikipanda na kuwa ngumu kabisa, kuna nafasi kubwa mahali fulani kati ya pedi na diski au kati ya viatu na dramu. Ikipanda lakini bado inabonyea, kuna upepo. Isipobadilika hata ukipampu, ngumu lakini iko chini, basi masta silinda (pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali) inasukuma mafuta machache kuliko mahitaji ya pistoni mpya. Na ikishuka polepole huku umeikandamiza kwa nusu dakika, kuna mahali panavuja, nje au ndani ya masta silinda.

Tuanze na upepo, kwa sababu ndio unaoongoza. Tazama nipeli ya kutolea upepo kwenye kila kalipa ya mbele. Lazima iwe juu kabisa ya kalipa. Ikiwa chini, kalipa ya kushoto imefungwa kulia na ya kulia imefungwa kushoto. Zinaingia pande zote mbili bila ubishi, bolti zinakaza, kila kitu kinaonekana sawa, na unaweza kumwaga chupa nzima ya mafuta pale bila upepo kutoka, maana upepo hupanda juu na mlango wake uko chini. Ukitaka kuhakikisha kabla ya kubadilisha, fungua kalipa, weka kipande cha ubao chenye unene wa diski kati ya pedi, iinamishe nipeli iwe juu, kisha toa upepo. Pedali ikikaza papo hapo, umepata jibu. Hiyo ni njia ya kupimia tu. Dawa ni kuhamisha kalipa pande zake.

Nipeli ikiwa juu tayari, rudia kazi ya kutoa upepo kwa utaratibu. Kama masta silinda ilifunguliwa au chombo chake cha mafuta kilikauka, toa upepo wa masta silinda kwanza. Halafu anzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari la usukani wa kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mpira mwembamba wa kuona ndani uvikwe kwenye nipeli na ncha yake izame kwenye mafuta safi. Anayekanyaga ajibu "nimeshika" kabla hujafungua nipeli, na asiachie mpaka umwambie umefunga. Wengi hushindwa hapo hapo: msaidizi anaachia pedali nipeli ikiwa wazi, upepo unarudi ndani, na mnaanza upya. Vipovu vidogo vinavyotoka bila kwisha wakati mwingine vinapita kwenye thredi za nipeli yenyewe na havitoki ndani ya kalipa. Ukipima pedali na kuikuta ngumu, achana navyo.

Cha pili kwa wingi ni viatu vya nyuma. Watu hubadilisha mbele, wanahangaika na mbele wiki nzima, na dramu za nyuma hazijaguswa miaka. Nyanyua nyuma, achia hendibreki, zungusha gurudumu kwa mkono. Likizunguka huru bila kusugua popote, kaza kirekebisho mpaka viatu viguse, kisha kirudishe mpaka gurudumu lizunguke na msuguano mdogo sana. Pedali hupanda mara moja. Kama kirekebisho kimekufa kwa kutu, fungua dramu ukisafishe. Usikipige nyundo kutokea nje, dramu za gari hili ni za alumini na hazisamehe.

Pedali ikiwa ngumu lakini ndefu baada ya hayo yote, ni hesabu ya ujazo. Masta silinda ya asili ya 240Z ina kipenyo cha inchi 7/8, yaani milimita 22.2. Kalipa za Toyota zina pistoni zenye eneo kubwa kuliko za asili, kwa hiyo zinahitaji mafuta mengi zaidi kusogea umbali ule ule. Wengi hupanda hadi masta silinda ya inchi 15/16 iliyokuwa kwenye 280ZX. Hiyo inasukuma mafuta karibu asilimia 15 zaidi kwa safari ile ile ya pedali. Lakini kila unachopata kwenye urefu unakilipa kwenye nguvu ya mguu, na anayeruka moja kwa moja hadi inchi moja, ongezeko la asilimia 30 hivi, hupata pedali fupi, ngumu, isiyo na hisia. Kwa S12+8 ningebaki na ya asili kwanza, nikaze viatu vya nyuma, niendeshe gari, ndipo niamue. S12W ina haki zaidi ya kudai 15/16.

Zinazobaki ni nadra kidogo. Fimbo kati ya busta (kifaa kinachouongezea mguu nguvu) na masta silinda ikiwa fupi, sehemu ya kwanza ya mkanyago haifanyi kazi yoyote. Mipira ya breki ya zamani huvimba ikikanyagwa: mwambie mtu akanyage, wewe shika mpira kwa vidole, usikie kama unanenepa. Mpira wa miaka arobaini haupimwi, unatupwa. Na kalipa isiyokaa sambamba na diski huzikunja pedi kidogo kila mkanyago. Pedi itakayokuwa imelika upande mmoja kama kabari itakuonyesha.

Ukishindwa kujua tatizo liko mbele au nyuma, bana mipira miwili ya mbele kwa kibano cha plastiki chenye kingo za mviringo, kisha kanyaga taratibu. Pedali ikiwa juu na ngumu, shida iko mbele. Isipobadilika, geukia nyuma au masta silinda. Usitumie pleaza wala vaisi gripu kubana, inakata mpira kwa ndani na hutaiona.

Simama hapa: pedali inayoshuka hadi sakafuni ukiishikilia, hata kama inapanda tena ukipampu, haiendeshwi hata kwenda gereji. Fundi aje, au gari libebwe.

Breki nzuri asubuhi, zinapotea kwenye mteremko

Gari linashika vizuri mjini. Unashuka Kitonga au ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, na katikati ya mteremko pedali inakuwa laini au inafika chini. Ukisimama dakika ishirini inarudi.

Chanzo cha kwanza ni mafuta ya breki yaliyozeeka. Mafuta haya huvuta unyevu hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yavumilie angalau nyuzi joto 205 kabla ya kuchemka, lakini yakishanywa maji kiwango kinashuka hadi 140 hivi. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya, 155 yakiwa na unyevu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubonyea kama upepo. Badilisha mafuta yote, kopo liwe jipya lililofunguliwa siku hiyo. Kopo lililokaa wazi rafuni tangu mwaka jana halifai hata kuongezea. Usichanganye na DOT 5 ya silikoni, ingawa namba yake inaonekana kuwa mbele zaidi. DOT 5.1 ni kitu kingine na inachanganyika na DOT 4 bila tatizo.

Pedali ikibaki ngumu kwenye mteremko lakini gari halishiki, mafuta hayahusiki. Pedi ndizo zimezidiwa na joto. Pedi za bei rahisi za pikapu zimetengenezwa kwa kazi ya pikapu. Nunua za daraja la juu kwa umbo lile lile, na tumia gia kushuka mlima, kama anavyofanya dereva wa lori nyuma yako.

Cha mwisho ni pedi zinazosugua muda wote na kupasha joto hata usipokanyaga. Hiyo ni dalili inayofuata.

Magurudumu ya mbele yanashika yenyewe na kupata moto

Endesha kilomita tano bila kukanyaga sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu moja likiwa moto kuliko mengine, shida iko pale pale. Yote mawili ya mbele yakiwa moto, angalia huko juu kwenye masta silinda.

Nyanyua gurudumu lililoshika, jaribu kulizungusha, kisha fungua nipeli ya kalipa yake kidogo. Gurudumu likiachia mafuta yakiruka, kuna shinikizo lililonaswa. Lisipoachia, ni pistoni au pedi zilizokwama kwenye kalipa.

Kwa shinikizo lililonaswa upande mmoja, mshukiwa ni mpira wa breki ulioziba ndani: mafuta yanaingia kwa nguvu ya mguu lakini hayarudi. Kwa pande zote mbili, legeza nati mbili za masta silinda pale inapokutana na busta, zunguko mbili tatu tu. Magurudumu yakiachia, fimbo ya busta ni ndefu mno na inaiziba njia ya kurudishia mafuta. Ifupishe mpaka kuwe na nafasi ndogo inayosikika. Hili hutokea sana kwa waliobadilisha masta silinda na kuacha fimbo ya zamani bila kuipima.

Yasipoachia bado, fuata mabomba. Masta silinda za gari zenye dramu nyuma huwa na vali ndogo kwenye tundu la nyuma inayoacha shinikizo kidogo kwenye dramu kwa makusudi. Aliyegeuza mabomba, ya mbele akayapeleka kwenye tundu la nyuma, ameipa diski shinikizo lisiloisha. Angalia pia kila chombo cha mafuta kinalisha tundu gani.

Kama ni pistoni zilizokwama, zitoe, zisafishe, weka sili mpya na uvike vifuniko vya vumbi vipya. Pistoni yenye vishimo vya kutu haipigwi msasa, inabadilishwa. Kalipa hizi zimeunganishwa kwa nusu mbili kwa bolti nene, na kati yake kuna njia ya mafuta yenye sili ndogo. Usizitenganishe. Pistoni zote nne hutoka bila kugusa bolti hizo.

Kuna ajali moja ambayo haina dawa ya nusu. Mtu ameongeza mafuta ya injini, ya haidroliki au ya stelingi kwenye chombo cha breki. Fungua kifuniko, tazama mpira wake. Ukiwa umevimba, umekunjamana na haurudi mahali pake, sili zote za mfumo zimevimba vivyo hivyo. Masta silinda, kalipa, wili silinda (silinda ndogo za ndani ya dramu) na mipira, vyote vinabadilishwa au kuwekewa sili mpya, na mabomba ya chuma yanasafishwa kwa spiriti. Kumwaga na kujaza mafuta mapya hakusaidii. Gari hilo lisitembee.

Gari linavuta upande mmoja ukikanyaga

Anza na vitu visivyo vya breki: upepo wa matairi, aina ya matairi kushoto na kulia, kisha bushi za fimbo zinazoshikilia mkono wa chini wa mbele. 240Z ina fimbo hizo kila upande na bushi zake huchoka mapema kwenye barabara za vumbi. Mtu akanyage breki gari likisukumwa taratibu, wewe utazame gurudumu. Likirudi nyuma ndani ya uvungu wa matairi, ni bushi.

Baada ya hapo tafuta pistoni iliyokwama, pedi yenye mafuta au grisi, na upepo uliobaki upande mmoja. Kumbuka gari huvuta kuelekea upande unaoshika, kwa hiyo mgonjwa yuko upande wa pili.

Mwisho kabisa, soma herufi za kalipa zote mbili tena. Nimeona watu wakiuziwa S12+8 moja na S12W moja kama jozi. Pistoni zikiwa na kipenyo tofauti, hakuna marekebisho yatakayolinyoosha gari.

Kelele

Kusaga kwa chuma mfululizo, hata usipokanyaga, karibu kila mara ni bati la kukinga vumbi nyuma ya diski. Kalipa ya Toyota ni kubwa, bati lazima likatwe kidogo au litolewe, na mara nyingi linakunjwa tu kwa mkono na baadaye linarudi. Likate vizuri na upige rangi kingo.

Mlio wa tiki-tiki unaofuata mzunguko wa gurudumu ni kalipa kugusa rimu, au kugusa vyuma vidogo vya balansi vilivyogandishwa kwa ndani. Baadhi ya rimu za inchi 14 hazina nafasi kwa S12W. Chukua udongo wa kufinyangia wa watoto, ubandike sehemu za kalipa zinazotokeza zaidi, funga gurudumu, lizungushe kwa mkono, livue. Pima unene wa udongo uliobaki. Chini ya milimita tatu sitaendesha, maana rimu hujikunja kidogo kwenye kona na chuma hupanuka kwa joto. Usisage kalipa kwa grainda kutafuta nafasi. Badilisha rimu.

Mlio mwembamba wa kupiga kelele ukikanyaga kidogo ni wa kawaida kwa pedi ngumu. Grisi ya breki nyuma ya bamba la pedi, vibati vya kuzuia mtetemo na pini zisizo na kutu hupunguza sana.

Mgoto mmoja mzito, "ko!", kila ukianza kukanyaga, si wa kuzoea. Pedi zinacheza kwenye kalipa, au bolti za kalipa zimelegea. Angalia bolti kwanza, leo.

Usukani unatetemeka ukikanyaga

Watu husema diski imepinda. Mara nyingi haijapinda, imefungwa juu ya uchafu. Kwenye 240Z diski hufungwa kwa nyuma ya habu kwa bolti, na punje ya kutu kati ya nyuso hizo mbili, au spesa iliyokerezwa vibaya, inaonekana kama yumbo kwenye ukingo wa diski. Vua, sugua nyuso zote kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, funga kwa mpangilio wa msalaba. Pima kwa daili geji (saa ya kupimia yumbo) karibu na ukingo. Ningetaka isizidi milimita 0.1.

Spesa ikiwa ya kukerezwa, irudishe kwa mkerezaji na habu yake, akague nyuso zote mbili ziko sambamba. Mkerezaji mzuri atataka kuona habu. Anayekubali kukereza kwa vipimo vya simu, mwache.

Beringi za mbele zilizolegea huleta mtetemo huo huo, na dalili nyingine inayowachanganya wengi: pedali iko juu, unapita barabara ya mashimo au kona kali, mkanyago unaofuata unakuwa mrefu, wa pili uko sawa. Diski ikiyumba hurudisha pistoni ndani ya kalipa. Kwa kalipa isiyoteleza kama hizi, yenye pistoni pande zote mbili, hilo huonekana zaidi. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, kaza beringi kwa utaratibu wake na uweke pini mpya.

Mbele inafunga mapema, nyuma haifanyi kitu

Umeongeza nguvu mbele, nyuma imebaki ile ile. Sehemu ya mabadiliko haya ni ya kutarajiwa, lakini mbele ikifunga kwa mkanyago wa kawaida kwenye lami kavu, angalia viatu vya nyuma na wili silinda zake kwanza. Nyingi zimeganda kwa kutu.

Watu hukimbilia kununua vali ya kurekebisha mgawo wa breki. Vali hiyo inapunguza nguvu ya nyuma tu, haiongezi. Nyuma ikiwa dhaifu, haitasaidia chochote. Ina kazi pale ulipoweka diski nyuma na magurudumu ya nyuma yakawa yanafunga kabla ya mbele, na hufungwa kwenye bomba la nyuma peke yake. Anayekushauri kuiweka mbele usimpe gari. Nyuma kufunga kabla ya mbele ni hatari kuliko dalili zote za mpangilio, kwa sababu gari hugeuka. Hilo lipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia breki za kila gurudumu.

Mafuta yanavuja kwenye viungio

Bomba za magari ya Kijapani huwa na thredi ya M10 yenye hatua ya milimita 1.0 na ncha iliyokunjwa mara mbili. Datsun na Toyota zinaelewana hapo. Shida huja na bomba au mipira ya kutengenezwa. Gari nyingi za Ulaya zina thredi hiyo hiyo lakini ncha ya bomba ina umbo jingine, kwa hiyo nati inaingia vizuri na bado mafuta yanatoka. Kuikaza zaidi kunaharibu kiti cha ndani ya kalipa.

Hatari zaidi ni kwa wanaofunga kalipa hizi hizi za Toyota kwenye Triumph TR6, gari la Kiingereza, jambo ambalo pia linafanyika sana. Nati za Kiingereza za inchi 3/8 zenye meno 24 kwa inchi zina kipenyo cha milimita 9.5 na hatua ya 1.06. Zinaingia kwenye tundu la M10, zinazunguka, zinakaza kwa mkono, zinashika mzunguko mmoja wa spana. Chini ya shinikizo la kusimama kwa dharura zinachomoka. Nati ikiingia kwa ulegevu kuliko ulivyozoea, itoe upime kwa geji ya thredi.

Kwa uvujaji wa kawaida: safisha, kausha, nyunyiza unga wa mtoto kuzunguka kiungio, mtu akanyage kwa nguvu. Unga utaonyesha njia. Washa za shaba za bolti ya mpira hutumika mara moja, weka mpya. Tepu ya bomba za maji na gundi havina nafasi kwenye breki. Thredi ya kalipa ikifa, kalipa hiyo ni chuma chakavu. Masikio ya shokapu yakiwa na ufa, au shimo lake limepanuka, usichomelee mwenyewe kwa gesi. Badilisha shokapu nzima.

Kabla hujaingia barabara kuu

Bolti za kalipa zikazwe kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu cha gari, si kwa bomba refu na uzito wa mwili, kisha pigia mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye sikio la shokapu. Mstari ukikatika, bolti imezunguka. Kwenye uwanja mtupu, simamisha gari mara kumi na tano hivi kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10, bila kulisimamisha kabisa, ukiacha nafasi ya kupoa. Pedi zitapata uso wake. Usiegeshe ukiwa umekanyaga breki zikiwa moto.

Baada ya kilomita 100, vua magurudumu ya mbele. Angalia mstari wa rangi, unyevu kwenye viungio, alama za kugusana ndani ya rimu, na ulinganishe unene wa pedi zote nne. Pedi moja ikiwa imelika kuliko ya pili yake kwenye kalipa ile ile, pistoni za upande mmoja hazisogei, na kazi inarudi kwenye dalili ya tatu.